Niliambiwa pingili zimesagika: je, mazoezi yatanimaliza?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 43, nalima zabibu Mpunguzi, Dodoma. Miezi saba iliyopita nilikuwa napogolea mizabibu, nikainuka nikashindwa kunyooka. Nilipiga eksirei, nikaambiwa pingili za kiunoni zimesagika, nisiiname wala kuinua kitu, nivae mkanda na nilale juu ya ubao. Mkanda nauvaa kutwa, maumivu hayajaisha, na siku hizi hata shingo inakakamaa. Jirani mmoja ananiambia niende fiziotherapia, ile tiba ya mazoezi, mwingine anasema mazoezi yatazimaliza hizo pingili zilizobaki. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa miezi hiyo saba. Nianze na jibu lenyewe: jirani wa kwanza amekushauri vizuri, mazoezi hayatazimaliza pingili zako, na kwa jinsi ulivyojieleza nina matumaini makubwa kwamba utarudi kwenye mizabibu yako. Hata hivyo yapo maswali ambayo ni lazima uyajibu kwanza, kwa sababu jibu la swali moja tu linaweza kubadilisha yote nitakayokueleza hapa chini.

Je, umekonda bila sababu, unatokwa na jasho jingi usiku, au unapata homa za jioni? Je, umekohoa kwa wiki mbili au zaidi, au nyumbani yupo mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu? Kifua kikuu hakiishii mapafuni. Kinaweza kujificha ndani ya pingili na kuzila polepole, mgonjwa akichuliwa dawa na kufungwa mikanda mpaka siku mgongo unapotoa nundu. Hapa kwetu kanda ya kati, ambako nyumba nyingi zina mbuzi au ng'ombe, huwa nauliza pia kama mgonjwa anakunywa maziwa mabichi au anasaidia mifugo kuzaa, kwa kuwa bruselosisi, ule ugonjwa unaofanya mifugo itupe mimba, humpata binadamu pia, na humletea homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno na viungo. Je, kabla ya maumivu kuanza uliwahi kuanguka vibaya au kupata ajali ya bodaboda? Uliwahi kutibiwa saratani ya aina yoyote? Je, maumivu hayo yanakuamsha usiku vilevile, ulale chali au ubavu? Ukiwa na "ndiyo" hata moja kati ya hizo, nenda hospitali wiki hii ukamweleze daktari jambo hilo hasa, usiseme tu kwamba kiuno kinauma.

Lipo jambo jingine lisilosubiri hata kesho. Ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni, ukashindwa kutoa au kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu ikaanza kulegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyobanwa namna hiyo ikichelewa kufunguliwa inaweza isirudie hali yake tena.

Kama majibu yako yote ni "hapana", basi umo katika kundi kubwa kuliko yote ya wagonjwa wa mgongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba kwa takriban asilimia 90 ya wagonjwa haipatikani sehemu moja iliyoharibika ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole na kusema ugonjwa uko hapa. Maumivu yao ni ya kweli kabisa, na sitaki mtu yeyote akuambie kwamba unayawaza tu. Yanatoka kwenye misuli, kano, viungo vidogo na mishipa ya fahamu kwa pamoja, na usingizi mbaya, hofu na mwili uliozoeshwa kutotumika huyaongeza.

Sasa tuje kwenye hilo neno "zimesagika", ambalo naamini limekuumiza kuliko jembe na makreti ya zabibu. Uti wa mgongo una pingili 33: saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, na zilizobaki zimeungana chini kwenye nyonga na kifandugu. Katikati ya pingili zinazochezeana kuna diski, ambazo ni kama mito midogo ya kulalia, migumu, yenye ute ndani yake. Umri unavyosogea diski hupoteza maji na kupungua unene, na kwenye eksirei pengo kati ya pingili mbili huonekana limefinyika. Hicho ndicho kinachoitwa kusagika. Msikiaji hupata picha ya mahindi mashineni, mifupa inayogeuka unga kila anapoinama, wakati jambo lenyewe liko karibu zaidi na mvi kichwani. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti nyingi zilizopiga picha migongo ya watu wasioumwa kabisa, na ndani yake mabadiliko hayo ya diski yalionekana kwa asilimia 37 ya watu wenye miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Narudia kwamba hao wote walikuwa hawaumwi. Ningewasimamisha wanawake wote wa rika lako wanaolima Mpunguzi na kuwapiga eksirei asubuhi moja, wengi wangepewa majibu yanayofanana na yako, kisha wangerudi shambani.

Sisemi kwamba picha haina maana yoyote. Inatusaidia kuona mfupa uliovunjika, pingili iliyoliwa na ugonjwa, au uvimbe. Ninachosema ni kwamba katika hali kama yako picha haiwezi kutuambia kama utainama tena au hutainama, na aliyekupa majibu alipaswa kumalizia sentensi yake kwa kukuambia hivyo.

Nikueleze niliyoyaona kwa mgonjwa mmoja ambaye hali yake ilikuwa pacha na yako. Alipoingia chumbani nilimwomba avue viatu apande kitandani. Hakuinama, alikanyaga kisigino cha kiatu kimoja kwa kidole cha mguu mwingine, akakisukuma, kisha akafanya vivyo hivyo kwa cha pili. Alipokaa alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akabana pumzi, akajishusha mzimamzima kama ubao. Alipofungua mkanda, ngozi ya kiuno ilikuwa na mistari myekundu na vipele vya jasho, maana ulikuwa mwezi wa kumi na joto la Dodoma mnalijua. Nilimpima nguvu za miguu, hisia za ngozi na jinsi mguu unavyoruka goti likigongwa, na vyote vilikuwa salama. Misuli ya mgongo tu ndiyo iliyokuwa imekaza pande zote mbili kama kamba za ndoo kisimani, na haikulegea hata alipolala chali. Nikamuuliza anaogopa nini akiinama. Akajibu, "Pingili zitaachiana." Mwanamke huyo alikuwa ameushikilia mgongo wake kwa nguvu, mchana na usiku, kwa karibu mwaka mzima. Jaribu kukunja ngumi kwa nusu saa, halafu uniambie kama mkono hautauma.

Mfumo wa fahamu baada ya kuumia hufanya kazi kama mbwa wa nyumba iliyoibiwa. Kabla ya wizi alikuwa akibweka akiona mgeni usiku. Baada ya wizi anabweka hata mtoto wa jirani akipita kuchota maji. Mbwa hasemi uongo, kweli ameshtuka, lakini kubweka kwake hakuthibitishi kwamba mwizi yuko ndani. Ukijifungia kila anapobweka hatatulia kamwe. Anachohitaji ni kuzoeshwa tena, watu wakipita mmoja mmoja kwa utaratibu mpaka ajue kwamba hakuna baya. Mazoezi ninayokuandikia yanafanya kazi hiyo kwa mgongo wako, na wakati huo huo yanarudisha nguvu za misuli iliyolegea kwa kukaa na kufungwa.

Kuhusu kulala na mkanda ushahidi uko wazi kiasi cha kutosha. Utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, Finland, na kuchapishwa mwaka 1995 ulilinganisha watu wenye maumivu mapya ya kiuno walioambiwa walale kitandani siku mbili, waliopewa mazoezi ya kunyoosha mgongo, na walioambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yalivyoruhusu, na hawa wa mwisho ndio waliopona haraka zaidi. Ubao nao hauna msingi. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu walipata nafuu zaidi kwenye godoro la ugumu wa wastani kuliko kwenye godoro gumu. Rudi kwenye godoro lako, ukilala ubavu weka mto au kanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Mkanda nao, katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, umo kwenye orodha ya mambo yasiyopendekezwa kutumiwa kama tiba ya kawaida, pamoja na kuvutwa mgongo kwa uzito. Usiutupe leo, kwa kuwa mwili umeuzoea. Wiki ya kwanza uvue ukiwa umekaa nyumbani, wiki ya pili uvae saa mbili au tatu tu za kazi ngumu, na ikifika wiki ya nne uwe umeuning'iniza ukutani.

Kutembea ndiko kwa kuanzia. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno, ulionyesha kwamba waliofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia kutembea hatua kwa hatua mpaka kufikia dakika 30 kwa siku tano za wiki walikaa wastani wa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, wakati wenzao ambao hawakupewa mpango huo walikaa siku 112. Anza na dakika kumi asubuhi kabla jua halijakolea na dakika kumi jioni, mikono ikining'inia na kuyumba yenyewe, bila ndoo wala mzigo. Kila baada ya siku tatu ongeza dakika mbili.

Kisha tandika mkeka. Lala chali, magoti yamekunjwa na nyayo ziko chini, uyaangushe magoti polepole upande wa kulia halafu wa kushoto, mara kumi kila upande, ukipumua kama kawaida. Usibane pumzi, ukiona umeibana, punguza mwendo. Ukiwa bado chali, inua kiuno kutoka kwenye mkeka mpaka mwili uwe kama daraja kati ya mabega na magoti, hesabu mpaka tano, shusha taratibu. Mara nane zinatosha kwa wiki ya kwanza. Halafu geuka, upige magoti na kuweka viganja chini kama mtu anayedeki sakafu, upandishe mgongo juu kama paka aliyeamka usingizini, kisha uuache ubonyee chini, mara kumi. Zoezi hili litakutisha kwa sababu ndiko kuinama kwenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo nakuomba usiliruke. Wiki ya tatu, katika mkao huo huo, nyoosha mkono wa kulia mbele pamoja na mguu wa kushoto nyuma, ushikilie kwa hesabu ya tano, ubadilishe.

Utauliza: na yakiuma? Yatauma kidogo, na hilo nalisema mapema ili lisikushtue. Ukiyapima maumivu kutoka sifuri hadi kumi, yakifika tatu au nne wakati wa zoezi na kufikia asubuhi ya pili yakawa yamerudi yalikokuwa, uko sawasawa, endelea. Yakipanda zaidi ya hapo na asubuhi ya pili bado yamepanda, punguza idadi kwa nusu kwa siku mbili tatu, lakini usiache kabisa. Wagonjwa wengi ninaowaona wakikwama hufanya mengi siku wanayojisikia vizuri, wakalima matuta yote kwa mkupuo, kisha wakalala siku nne. Afadhali kidogo cha kila siku, hata siku ambayo mgongo umenyamaza.

Kuinama kwenyewe tutakurudisha kwa ngazi. Kaa juu ya kigoda, teremsha viganja kwenye ugoko kuelekea nyayoni mpaka unapofika bila kulazimisha, rudi juu, mara kumi asubuhi na jioni. Ukizoea, fanya hivyo ukiwa umesimama, magoti yamelegea kidogo. Kisha chukua dumu lenye lita tatu za maji, uliinue kutoka chini na kuliweka mezani mara tano. Wiki inayofuata iwe lita tano, halafu saba, halafu kumi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu lako ndilo jiwe la mizani na huna haja ya chuma cha mazoezi. Lisogeze karibu na tumbo kabla ya kuinua, kwa sababu mzigo ulioshikwa mbali na mwili huulemea mgongo mara nyingi kuliko uleule ulioshikwa karibu. Zaidi ya hapo usijisumbue kutafuta mkao mmoja mtakatifu wa kuinua; mgongo uliozoeshwa mikao mingi hustahimili mingi.

Shambani, usirudi kupogolea kutwa nzima. Anza na nusu saa, ukiwa na kigoda kwa matawi ya chini, na kila ukimaliza mistari miwili simama, weka viganja kiunoni, jipinde nyuma mara tano, tembea kidogo, ndipo urudi. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nami najua kwamba mzabibu hausubiri mgongo wa mtu upone. Ndiyo maana ni heri uanze leo na nusu saa, kuliko kusubiri upone kabisa halafu msimu ukukute hujashika mkasi kwa miezi saba na ulazimike kufanya kazi ya wiki kwa siku mbili. Makreti yaliyojaa waachie wenye nguvu kwa msimu huu, au yajaze nusu.

Shingo nadhani imefuata kiuno. Mtu anayeuogopa mgongo wake hutembea amekaza mabega na kugeuka mwili mzima kama anayevuka barabara na mtungi kichwani, na shingo isiyogeuzwa hukakamaa. Mara nne kwa siku, kaa wima, geuza uso polepole mpaka kidevu kielekee bega la kulia, hesabu tatu, kisha la kushoto. Halafu rudisha kidevu nyuma, kama mtu anayekwepa moshi wa jiko bila kuinua uso, mara kumi. Umalizie kwa kuvuta mabega nyuma ili mifupa ya bega ikaribiane. Kama unachota maji kwa kichwa, kwa mwezi mmoja badilisha ndoo ya lita ishirini kwa madumu mawili ya lita tano mikononi, hata kama ni kwenda safari mbili. Ganzi ikishuka mkononi, au vidole vikianza kuangusha vitu kama kikombe na sindano, hilo ni jambo la kupimwa mapema.

Dawa nitazigusa kwa ufupi. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa siku chache na zinaweza kukusaidia kuanza mazoezi, lakini ukizimeza miezi saba mfululizo utajitafutia vidonda vya tumbo na madhara ya figo, hasa ukiwa na presha. Usinunue sindano za duka la dawa. Kuchuliwa kunaburudisha na sikukatazi, mradi usimruhusu mtu akukanyage mgongoni wala kuivunjavunja shingo yako kwa kuinyonga.

Fiziotherapia inapatikana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita Jenerali, na pia Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kutoka Mpunguzi unafika mjini kwa daladala. Usitegemee kulazwa kwenye mashine yenye taa na kurudi nyumbani umepona. Mtaalamu mzuri atakuuliza maswali mengi, atakupima, atakufundisha, na kazi kubwa utaifanya mwenyewe kwenye mkeka wako. Kwa kawaida naomba wiki sita za kwanza kabla ya kuamua kama mpango unafaa au ubadilishwe, na huwa namwona mgonjwa mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa wiki mbili. Nenda umevaa suruali nyepesi au track chini ya kanga ili uweze kulala na kugeuka kwa uhuru, beba ile picha ya eksirei, na daftari dogo ambalo kuanzia leo utaandika kila jioni umetembea dakika ngapi, dumu lilikuwa na lita ngapi, na asubuhi yake uliamkaje. Mgonjwa wangu yule wa viatu aliandika daftari la namna hiyo, na kwenye ukurasa wa wiki ya tano, chini ya "lita saba", aliongeza kwa penseli kwamba siku hiyo alifunga kamba za viatu vya mwanawe wa darasa la kwanza.